Matundu ya Kupokea

Bagbazar, Kolkata
Jumamosi, 9 Novemba 2013

Mdogo wangu Mandira,

Salamu kwako, kwa shemeji Shirish na kwa mtoto Ira. Sisi huku wazima, kama uzima ni mtu kuamka na kulijua jina lake. Presha ya Baba imetulia. Macho yana ukungu, na daktari anasema mtoto wa jicho bado hajafikia kutolewa. Masikio ndiyo hayo unayoyajua: simu haisikii tena, ananipa mimi niseme "haloo", halafu yeye anakaa kunitazama midomo. Ndiyo maana nakuandikia. Na pia kwa sababu mimi na wewe kwenye simu hatumalizi dakika tano bila kugombana, ila kwenye karatasi mtu angalau humaliza sentensi yake.

Naandika kwa agizo la Baba, si kwa hiari yangu. Bora niseme mapema.

Deki ya CD imekufa. Siku mbili baada ya sikukuu ya Kali Puja ilimeza CD ikakataa kuitema. Fundi wa mtaani akaifungua, akaitazama kama daktari anayetazama maiti, akasema jicho lake la kusomea limezimika na spea hazipatikani. Amplifaya ya zamani ni nzima, na zile spika mbili kubwa kama makabati nazo ni nzima. Inatakiwa deki tu. Unamjua Baba: mtu aliyekaa redioni miaka thelathini na mbili akirekodi sauti za watu hawezi kukaa nyumba isiyo na muziki. Anatazama ukuta. Jumapili ndiyo mbaya zaidi. Tangu Mama afariki, Jumapili asubuhi mimi nakaanga vimkate vya luchi, yeye anachagua CD, tunakula na kusikiliza hadi saa sita bila kusemeshana. Sasa tunakula kwa sauti ya kunguru.

Nikamwambia, Baba, kesho nitakwenda sokoni Chandni nikakununulie nyingine. Mimi, ninayezijua dawa zake kwa rangi. Akanijibu, "Muulize Mandira kwanza. Yeye ana sikio."

Haya, nakuuliza, mwenye sikio. Tununue deki gani?

Dada yako,
Kaberi


Pune
18 Novemba 2013

Dada Kaberi,

Naigusa miguu yako na ya Baba kwa heshima, kutoka huku mbali. Sisi tuko salama. Ira ameng'oka jino na analiweka kwenye kisanduku cha pete zangu. Shirish anakusalimu.

"Mwenye sikio" nimeisoma, na najua hukuiandika ukicheka. Naiacha ipite, maana swali lako ni zuri.

Usinunue deki ya CD tupu. Nunua yenye matundu ya kupokea sauti ya dijitali. Deki nyingi ukizigeuza mgongo zina matundu ya kutoa tu: CD inasomwa ndani, sauti inatoka kwenda kwenye amplifaya, basi. Lakini zipo ambazo pia hupokea. Unachomeka waya kutoka kwenye televisheni au kompyuta, na deki inaitafsiri ile sauti kwa ufundi ule ule inaoutumia kwa CD, kisha inaipeleka kwenye spika za Baba. Tundu moja ni la waya wa mwanga, mwembamba kama tambi. Lingine ni la waya wa kawaida wa kompyuta. Muuzaji akikwambia "dijitali ipo", muulize: ya kuingia au ya kutoka? Hapo ndipo watu wanapodanganywa.

Sasa sababu yangu. Kuanzia Januari nitaimba kila Jumapili saa nne asubuhi, moja kwa moja kwenye mtandao, kutoka ukumbi mdogo hapa jirani. Nyimbo zile alizonifundisha Baba. Najua ningeweza kumtumia CD. Lakini unakumbuka alivyokuwa akisema: "Nimekata makosa ya watu kwenye kanda maisha yangu yote, na mtu namjua kwa makosa yake." Nataka anisikie nikiwa na makosa yangu, papo hapo. Vispika vya kompyuta yako hatavisikia, spika zake mwenyewe atazisikia. Na daktari wa masikio alikwambia kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Sijui tuna muda gani, Dada.

Gharama nitachangia. Usinikatalie.

Mdogo wako,
Mandira


Bagbazar
16 Desemba 2013

Mdogo wangu Mandira,

Natumaini barua hii inawakuta bila mafua. Huku baridi imeingia, Baba amevaa kofia ya sufu mpaka nyusi, anafanana na mlinzi wa benki. Anakula vizuri. Jana alimaliza kichwa cha samaki peke yake akanilaumu mimi kwamba miiba ilikuwa mingi.

Kwa hiyo utaimba Jumapili, saa nne. Umechagua saa nzuri kweli. Nilipomsomea Baba barua yako alinifanya niirudie sehemu hiyo mara tatu, ya tatu kwa nguvu, mpaka mke wa jirani akajua ratiba yako. Barua zangu za kazi, za kupandishwa cheo shuleni, nilimsomea mara moja akasema "vizuri" akaulizia chai.

Nilikwenda Chandni na karatasi yako mkononi. Duka la Bwana Kundu, lile la kona, baba yake alikuwa akiuza redio za betri. Ni mtu mpole, anazungumza na mashine kama anayebembeleza mtoto. Aliniwekea mbili juu ya kaunta akanieleza mpaka nikasikia kizunguzungu: ya kuingia, ya kutoka, waya wa mwanga, sijui nini. Miaka ishirini na mbili nafundisha jiografia, sikujua kama mgongo wa deki una nchi zake.

Nimenunua. Ni nyeusi, nzito, na kimlango chake kinateleza kimya kama droo ya sonara. Nyuma matundu yapo, ya kutosha. Baba alipoiona alisimama bila fimbo. Akaipapasa yote, juu, ubavuni, mgongoni, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akaniomba CD ya sarodi, ile ya nyuzi anayoipenda. Jumapili tulikula luchi kumi na nne.

Dada yako,
Kaberi


Pune
14 Januari 2014

Dada Kaberi,

Naigusa miguu yenu. Tuko salama, koo tu linawasha kwa vumbi la ujenzi.

Juzi nimeimba ile ya kwanza. Ukumbini walikuwa watu kumi na tisa na mbwa mmoja, lakini mimi nilikuwa naimbia sebule ya Bagbazar. Katika ubeti wa pili nilikosea, nikafurahi kukosea, nikasema moyoni, hapo Baba ametikisa kichwa. Je, alitikisa? Nimekutumia waya wa mwanga kwa posta kabla ya sikukuu, umefika? Niandikie kila kitu. Alikaa kiti gani? Alisema nini?

Mdogo wako anayesubiri,
Mandira


Bagbazar
27 Januari 2014

Mdogo wangu Mandira,

Hatujambo. Baba alikuwa na kikohozi, kimekwisha kwa tangawizi na ukali wangu.

Waya umefika. Lakini sauti ya kompyuta haikukubali kuingia kwenye deki. Kimya kabisa. Huenda mashine za kisasa hazipendi nyumba zenye umeme wa kizamani. Mimi si fundi. Baba nilimweleza, na sikuona kama alisikitika sana. Alisema, "Basi weka CD." Tukaweka CD. Tusilisumbue jambo hili, Mandira. Ana umri wa miaka themanini na moja na anafurahi.

Usijichoshe koo.

Dada yako,
Kaberi


Pune
8 Februari 2014

Dada Kaberi,

Naigusa miguu yenu. Siku ya Saraswati Puja, sikukuu ya elimu, nilivaa sari ya njano ya Mama na Ira akaandika herufi zake za kwanza. Nilitamani Baba angekuwepo kumshika mkono.

Umeme hauhusiki, Dada. Ama kuna kitufe cha kuchagua tundu ambacho hukukibonyeza, ama waya haukuingia mpaka mwisho. Kuna jambo moja tu ninakuomba. Geuza deki, unisomee namba iliyoandikwa nyuma, karibu na waya wa umeme. Nikiipata namba nitajua ni deki gani, na nitakuelekeza hatua kwa hatua, hata kama ni kwa simu na tukagombana.

Namba tu.

Mdogo wako,
Mandira


Pune
22 Machi 2014

Dada,

Leo sianzi na miguu. Kama Baba ni mzima, namshukuru Mungu. Kama wewe ni mzima, sijui nimshukuru nani.

Wiki sita nimengoja namba. Mwisho nikatafuta simu ya duka la Kundu, ulilitaja mwenyewe. Nikamwambia mimi ni nani. Alikukumbuka palepale. Akasema, "Yule mwalimu mwenye miwani? Nilimwambia mara mbili, hii inatoa tu, haipokei. Akasema hiyo hiyo ndiyo anayoitaka."

Nimekaa na maneno hayo siku tatu.

Ungenikosea mimi ningeelewa, tumekoseana tangu tunanyang'anyana kitana. Mazishini kwa Mama uliniambia nimekuja kama mgeni nikalia kama mwenye msiba, nikameza. Lakini hapa umemkosea yeye. Jumapili kumi, Dada. Masikio yake yanakwisha kama sabuni, na wewe umemnyima Jumapili kumi.

Unadhani wivu ni mali yako peke yako, kama ufunguo wa kabati la Mama? Mimi nakuonea wivu tangu nilipoolewa. Wewe unajua anavyokohoa asubuhi. Unajua leo amegombana na chumvi au amegombana na gazeti. Mimi ninachokijua juu ya baba yangu ni kile unachoamua kuniandikia, na sasa hata hicho sijui kipi ni kweli. Nilibakiwa na nyimbo. Kitu kimoja, na wewe ukakichomoa.

Ulipokuwa na miaka tisa alikwambia sauti yako ni nzito mno kwa nyimbo zile, nenda ukacheze. Nilikuwa na miaka mitano, nimekaa chini ya meza, nilisikia. Nakumbuka na uso wako. Lakini si mimi niliyesema, Dada. Mimi nilikuwa chini ya meza tu.

Mtoto wake mwingine,
Mandira


Bagbazar
Jumatatu, 7 Aprili 2014

Mdogo wangu,

Sina uso wa kukuuliza hali. Za kwetu nitakueleza, ndiyo barua yenyewe.

Kundu hakusema uongo. Deki zote mbili zilikuwa juu ya kaunta, na mkono wangu ulikwisha kunyooka kuelekea ile inayopokea. Hapo nikaifikiria Jumapili saa nne. Nikamwona Baba ameinamia spika, wewe umejaa sebule nzima, na mimi jikoni nawakaangia luchi watu wawili wanaozungumza. Siku sita za wiki mimi ni mtu wa dawa, wa kuogesha, wa kusoma gazeti. Jumapili peke yake ndiyo nilikuwa binti yake. Nikasema, "Nipe hii isiyopokea." Ilikuwa haraka kuliko kununua vitunguu. Na waya wako sikuuchomeka kamwe, haukuwa na pa kuchomekwa.

Siku barua yako ilipofika nilikwenda Chandni moja kwa moja kutoka shuleni. Kundu aliichukua ile ya kwanza bila kuniuliza neno, na hilo liliniuma kuliko angeniuliza. Nikarudi na inayopokea. Baba akaja mezani, akaigeuza, akapitisha vidole mgongoni, tundu baada ya tundu.

"Enhe," akasema. "Hii ndiyo yenyewe."

Nikamwinamia sikioni nikamuuliza alijuaje kuhusu ile nyingine. Akasema alijua tangu siku nilipoileta. Mikono yake imefanya kazi na matundu ya mashine miaka thelathini na mbili.

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Jumapili zetu zilikuwa nzuri," akasema. "Niliogopa nikisema, utaacha kukaa na mimi."

Mandira, nina miaka arobaini na nane. Maneno hayo nimeyasubiri tangu utotoni, na nilipoyapata nilikuwa nimeshika ushahidi wa wizi wangu mkononi.

Jana, saa nne kasoro dakika chache, nilichomeka waya. Deki ikapokea bila shida, aibu iliyoje. Ikaja tambura na nyuzi zake za kuvuma, ikaja ngoma ya tabla, ukaja wewe. Sikuwa nimekusikia miaka mitatu. Sauti ilipanda mpaka kioo cha kabati kikalia. Baba alikuwa ameinama, kiganja nyuma ya sikio, kidole kinafuata mpigo. Ukamaliza ubeti wa kwanza, ukaingia wa pili. Akanigeukia.

"Tabla naisikia," akasema. "Ameanza?"

Niliongeza sauti mpaka watu wakafungua madirisha. Alisikia tabla zaidi, basi. Nikamwambia sikioni, "Anaimba, Baba," na hilo alilisikia vizuri, maana sauti yangu ni hii hii nzito. Akaniomba nimwambie unaimba nini. Nikamwambia mstari kwa mstari, na kufika mstari wa tatu nilikuwa naimba, chini chini, vibaya. Akafumba macho.

Sasa nakwambia jambo baya kuliko la deki, ili usiligundue kwa mtu mwingine. Nilifurahi. Wewe ulikuwa unaimba husikiki, mimi nilikuwa nasikika, na kwa urefu wa wimbo mmoja nilifurahi. Ulipokwisha ndipo nikajua nimekula nini. Leo nimempeleka kwa daktari. Anasema Januari angekusikia. Labda hata Februari.

Dada yako, kama bado ni dada,
Kaberi


Pune
16 Aprili 2014

Dada Kaberi,

Mwaka wetu mpya wa Kibengali umeingia jana, na mila ni mila: naigusa miguu ya Baba, na yako, ingawa yako naigusa nikiwa nimegeuza uso.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni. Shirish akaniuliza nani amekufa. Sijakusamehe. Nikisema nimekusamehe tutakuwa waongo wawili katika familia moja. Na lile la kufurahi, ungeweza kulificha, nami nisingelijua kamwe. Sijui nikuchukie kwa kulihisi au nikuheshimu kwa kuliandika. Umeimba nyimbo zangu sikioni mwa baba yangu. Nakuonea wivu mpaka meno yananiuma.

Lakini mimi ni mwimbaji, na mwimbaji asiyesikika hutafuta sauti nyingine. Nimeshusha sauti ya tambura, ile inayonipa pa kuanzia. Nimeiweka pale wanaume wanapoiweka. Tangu juzi nafanya mazoezi huko chini, mahali ambapo koo langu halijawahi kufika. Mwenye ukumbi ameniuliza kama nina mafua. Wanafunzi wangu wanaficha vicheko. Huko chini sina uzuri wowote, Dada, naimba kama mtu anayetembea gizani na viatu vya kuazima.

Jumapili ya tarehe ishirini na saba, saa nne. Usimwambie Baba kwamba nimeshuka. Chomeka waya. Na siku hiyo kaa mbali na sikio lake, unyamaze.

Mdogo wako,
Mandira


Bagbazar
Jumatatu, 28 Aprili 2014

Mdogo wangu Mandira,

Naomba barua hii ikukute mzima, na koo lako zima. Joto limepanda, Baba analala sakafuni mchana kwa ajili ya ubaridi wa saruji. Anakula mtindi na wali, hataki kingine.

Nilichomeka. Nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, nyuma yake, mikono mapajani, nimenyamaza kama ulivyoniamuru. Ulipoanza sikukutambua, nusura niinuke nikaangalie kama nimefungua mahali pengine. Baba alikuwa ametazama dirishani, kidole kinafuata tabla. Kidole kikasimama. Akageuza kichwa kuielekea spika. Akasikiliza mstari mzima. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kumrusha ndege:

"Kaberi? Ni wewe?"

Hakuwa ananiona. Sauti nzito pekee anayoijua ni yangu. Ningenyamaza tu, kwa amri yako mwenyewe, na wimbo ule ungekuwa wangu mpaka mwisho, wala nisingekuwa nimesema uongo wowote. Nataka ujue kwamba nilifikiria. Nilikaa pale ukapita mstari mwingine mzima, nikifikiria.

Kisha nikaenda, nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikamwekea mdomo sikioni.

"Si mimi, Baba. Ni Mandira."

Alinyoosha mkono akanifunika mdomo kwa kiganja chake, kinanuka mafuta ya haradali, ili asikilize. Hakukitoa mpaka ulipomaliza wimbo wa mwisho. Nilikaa hivyo hivyo, natazama machozi yake yakishuka na kuingia kwenye ndevu, na wivu ulikuwepo, sikufichi, ulikuwa umekaa pale pamoja nasi.

Ulipomaliza alisema umesimama mbali mno na maikrofoni. Akasema nikuandikie usogee. Nimekuandikia.

Dada yako,
Kaberi